Funga, Fungua, Washa, Zima: Uhakiki wa Istilahi za Umeme katika Mashine za Kupitisha Hewa

Neno geni halimtishi mfasiri mwangalifu. Akilikuta husimama, huuliza, hufungua kamusi, na mwisho hupata njia. Neno la hatari ni lile la kawaida ambalo kila mtu hudhani analijua. Katika makala haya twakusudia kuyahakiki maneno manne ya namna hiyo, yaani kufunga, kufungua, kuwasha na kuzima, kama yanavyotumiwa katika maelekezo ya Kiswahili ya kutandaza nyaya za umeme na kuendesha mashine za kupitisha hewa. Tumeyachagua maelekezo hayo kwa sababu ndani yake umeme na hewa hukutana katika ukurasa mmoja, na hapo ndipo udhaifu wa maneno yetu unapojidhihirisha.

Mahali pa kulitazama jambo hili si mbali. Kata ya Mchafukoge, katikati ya Dar es Salaam, hutenganishwa na Kariakoo na viwanja vya Mnazi Mmoja. Mengi ya majumba yake ya zamani, ambayo baadhi yake yalitwaliwa na Serikali kwa sheria ya mwaka 1971 na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, yalijengwa kwa kuufikiria upepo: dari za juu, baraza, madirisha yanayokabiliana na matundu juu ya milango. Katika nyumba kama hizo pangaboi lilitosha. Hata Soko Kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kukamilika katikati ya miaka ya 1970, lilipewa mapaa ya zege yaliyokaa kama miavuli ili hewa na mwanga vipite. Walakini majengo yaliyoota baadaye katika mitaa hii ni ya namna nyingine. Yana ghala chini ya ardhi, maduka yasiyo na dirisha, na ofisi zilizozibwa kwa vioo. Humo hewa haiingii kwa hiari yake. Hapana budi iletwe kwa mashine.

Hapa yafaa tuondoe kwanza mchanganyiko mmoja. Watu wengi huita kila chombo cha hewa kiyoyozi. Kiyoyozi cha kawaida cha dukani huipoza hewa ile ile iliyomo chumbani na kuirudisha; hakileti hewa mpya. Mashine ya kupitisha hewa huvuta hewa ya nje, huichuja, huiingiza ndani, na aghalabu huwa na feni ya pili ya kuitoa iliyochakaa. Karani wa zabuni anayeandika “viyoyozi” mahali palipohitaji “mashine za kupitisha hewa” atauziwa baridi, na wafanyakazi wa ghala la chini watabaki na hewa ya jana.

Sasa tuitazame mashine yenyewe. Mota ya feni kubwa hupewa nguvu kwa njia tatu za umeme. Kati ya njia na njia pana volti 400, na kati ya njia moja na nyutro volti 230. Kabla ya kuifikia mota, umeme hupita katika swichi ya kutenga, sakitibreka, kontakta, na rilei ya ovalodi inayoilinda mota isiungue ikizidiwa na mzigo. Hiyo ni sakiti ya nguvu. Kando yake ipo sakiti ya pili, ndogo, isiyozungusha kitu chochote. Kazi yake ni kuamuru. Hiyo ni sakiti ya udhibiti, na ndiyo inayowashinda wafasiri.

Katika sakiti ya udhibiti kitufe cha kuzimia hupitisha umeme wakati kimeachwa, na hukata kinapobonyezwa. Kitufe cha kuwashia ni kinyume chake. Mtu akibonyeza cha kuwashia, koili ya kontakta hupata umeme, kontakta hujivuta, na mguso wake mmoja mdogo hushika njia hiyo ili mashine iendelee kwenda hata kidole kikiondolewa. Mguso wa ovalodi nao umepangwa katika mstari ule ule wa kitufe cha kuzimia. Mpango huu una hekima yake: waya wa mojawapo ukikatika kwa ajali, mashine husimama yenyewe. Haingoji kuokolewa.

Mwisho kuna kilango cha hewa, yaani bamba la chuma ndani ya mfereji linalogeuzwa na mota yake ndogo. Feni hairuhusiwi kwenda mpaka kilango kiwe wazi kabisa. Kilango kinapofika mwisho wa safari yake hugusa swichi, na swichi hiyo huruhusu koili kupata umeme.

Tuchukue basi sentensi tuliyoitunga wenyewe kwa kuufuata mtindo wa karatasi za maelekezo zinazosambaa mitaani: “Kilango kikifunguka, swichi ya mwisho hufunga, na feni hufunguka, kilango kikifunga, swichi hufunguka na feni hufunga.” Msomaji na ajiulize: katika sentensi hii, kufunga ni kufanya nini? Kwa kilango, kufunga ni kuizuia hewa. Kwa swichi, kufunga ni kuupitisha umeme. Kwa feni, kufunga ni kusimama. Na fundi aliyezoea kusema “nimefunga feni mbili leo” ataongeza maana ya nne, kwani kwake kufunga ni kuiweka mashine mahali pake na kuikaza kwa skrubu. Neno moja limebebeshwa maana nne, na mbili kati yake zinapingana.

Asili ya mkanganyiko huu yaeleweka. Kiingereza huichukulia sakiti kuwa ni pete. Pete ikikamilika umeme huzunguka, nayo husemwa kuwa imefungwa kwa neno lile lile la kufunga mlango. Wafasiri wa vitabu vya sayansi waliichukua taswira hiyo nzima nzima. Lakini Mswahili ana taswira nyingine. Yeye hufungulia maji, hufungulia redio, na kinachofunguliwa hutoka. Tena walimu wetu hupenda kuufananisha umeme na maji ya bomba, na mfano huo ni mzuri mpaka mwanafunzi anapoambiwa kwamba bomba likifunguliwa maji hutiririka, bali sakiti ikifunguliwa umeme hukoma. Hapo mfano humgeuka mwalimu.

Ingekuwa jambo hili ni la ufasaha tu, tusingelipotezea karatasi. Tazama agizo hili ambalo mfano wake waweza kukutwa katika ukurasa wa usalama: “Hakikisha swichi kuu imefungwa kabla ya kugusa nyaya.” Mtunza jengo ataelewa kwamba swichi iwe imezimwa. Aliyesoma fizikia kwa vitabu vyetu ataelewa kwamba swichi iwe imepitisha umeme, na atashangaa, kisha pengine atatii. Kugeuza neno liwe “imefunguliwa” hakutuponyi, kwa sababu sasa aliyesoma ndiye atakayeokoka na mtunza jengo ndiye atakayeangamia. Agizo la usalama linaloweza kusomwa kwa njia mbili si agizo la usalama.

Zipo hoja za kutupinga, nazo zastahili kujibiwa.

Hoja ya kwanza ni kwamba “funga sakiti” na “fungua sakiti” yamekwisha kukaa katika vitabu vya shule, na kuyang’oa ni kuwavuruga walimu. Twakubali kwamba mwalimu wa darasani, mwenye betri na globu mezani, aweza kuyatumia bila madhara, kwa kuwa maana huonekana kwa macho. Tunachodai ni kwamba yasiingie katika maelekezo ya kazi, ambamo msomaji yuko peke yake juu ya ngazi.

Hoja ya pili ni ya mafundi wenyewe, kwamba “on” na “ofu” yanatosha. Kwa mashine nzima labda yanatosha, ijapokuwa washa na zima yanatosha zaidi. Lakini hayawezi kuueleza mguso. Mguso wa kitufe cha kuzimia hupitisha umeme wakati haujabonyezwa: je, huo uko “on” au “ofu”? Fundi atajibu kwa mkono na kwa mchoro. Karatasi haina mkono.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi. Tukisema kuunga na kukata badala ya kufunga na kufungua, tutaangukia shimo jingine, kwani “imeunga” na “imeungua” hutofautiana kwa silabi moja tu, na katika kelele za feni zitasikika kama neno moja. Kadhalika, mwanagenzi akiambiwa “kata” aweza kushika koleo na kuukata waya. Hoja hii tunaipokea kwa nusu. Ndiyo sababu twapendekeza kuunganisha wala si kuunga. Ama kukata, mtumiaji wa umeme nchini hahitaji kufundishwa: umeme hukatika, na asiyelipa hukatiwa. Sharti ni moja tu, kwamba kinachokatwa kitajwe. Iandikwe “kata umeme wa koili”, wala isiandikwe “kata waya wa koili” isipokuwa koleo ndilo linalokusudiwa.

Kwa hiyo twapendekeza mgawanyo ufuatao. Kufungua na kufunga yaachiwe vitu vinavyofunguka kwa macho: kilango cha hewa, mlango wa kabati la umeme, kifuniko. Kuwasha na kuzima yaachiwe mashine nzima, na taa zake. Kuunganisha na kukata yawe ya swichi, miguso na sakiti. Kazi ya kuiweka mashine mahali pake iitwe kusimika. Na miguso iitwe kwa tendo lake koili ipatapo umeme au kitufe kibonyezwapo: mguso wa kuunganisha na mguso wa kukata. Namba zinazochapwa juu ya vyombo, kama 13 na 14 kwa mguso wa kuunganisha, 21 na 22 kwa mguso wa kukata, 95 na 96 kwa mguso wa kukata wa ovalodi, na A1 na A2 kwa koili, zisiguswe. Hizo hazina lugha, na ndizo zitakazomwokoa fundi maneno yakishindwa.

Sentensi yetu ya kwanza sasa yaweza kuandikwa hivi: “Kilango kikifunguka kabisa, swichi ya mwisho huunganisha umeme wa koili, na feni huwaka, kilango kikianza kufunga, swichi hukata umeme wa koili, na feni huzimika.” Haina pambo lolote, lakini mtu hahitaji kuisoma mara mbili.

Maneno mengine mawili hayana budi kutajwa. La kwanza ni shoti. Mtu aliyetikiswa na umeme husema amepigwa shoti. Nyaya mbili zilizogusana pasipotakiwa nazo husemwa zimepiga shoti. Magazeti huukwepa utata huo kwa kusema “hitilafu ya umeme”, maneno yanayofaa kwa kila ajali na yasiyoeleza hata moja. Katika taarifa ya jengo ni lazima ijulikane kama mtu aliguswa na umeme, au nyaya ziligusana, au mota ilizidiwa na mzigo, kwa maana kila moja ina kinga yake. Twashauri shoti ibaki kwa nyaya zilizogusana, na kwa mtu isemwe amepigwa na umeme.

La pili ni rangi. Katika utaratibu wa zamani wa Kiingereza, ambao alama zake zingali katika kuta za majumba ya kale, waya mwekundu ulikuwa wa njia yenye umeme na mweusi ulikuwa wa nyutro. Uingereza yenyewe ilianza kuuacha utaratibu huo katika nyaya za majengo mwaka 2004. Katika utaratibu mpya njia tatu ni kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ni buluu. Basi “waya mweusi” ni nyutro katika ukuta wa zamani na ni njia yenye umeme katika kebo mpya, na katika jengo la Mchafukoge lililokarabatiwa nusu, vyote viwili vyaweza kukutana ndani ya kisanduku kimoja. Mfasiri aandike kwanza kazi ya waya, ndipo ataje rangi yake, na fundi apime kabla ya kugusa.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya mafundi, wala si ya wafasiri na makarani. Twaona kinyume. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, karatasi ya maelekezo na mkataba wa ujenzi vyaweza kusomwa na hakimu kwa Kiswahili chake kile kile. Siku kengele ya moto italia na feni isizimike, au mtu ataguswa na umeme wa swichi “iliyofungwa”, litakaloulizwa ni hili: hati ilisema nini? Moto wa Julai 2021 katika Soko Kuu la Kariakoo ulitukumbusha jinsi mali ya maelfu ilivyokusanyika mahali padogo. Katika majengo ya namna hiyo, agizo kwamba feni ya kuingiza hewa ikatwe umeme na kilango kifungwe moto unapogunduliwa, huku feni ya kutoa moshi iendelee kwenda, halivumilii neno lenye sura mbili.

Walimu wa vyuo vya ufundi wanaweza kuuanza mgawanyo huu kesho asubuhi, kwa kuusahihisha ubao. Wafasiri wanaweza kuuanza leo. Na maofisa wanaopitisha zabuni waombe jambo moja tu kabla ya kutia sahihi: kila palipoandikwa funga au fungua, iulizwe ni kitu gani kinachofungwa, na kikisha kufungwa ni nini kinachopita na ni nini kinachozuiwa. Jina la Mchafukoge lenyewe ni amri kwa aliye mchafu akaoge. Istilahi zetu za umeme zimechafuka kwa kutumika ovyo. Maji ya kuziosha yamo katika lugha ya kila siku, tena hayana bei.