Mashimo 521, mbegu 512

Wandugu, watu wengi wanasifu PuTTY, na mie pia niko naisifu: ni ya bure, ni nyepesi, inafungua seva hata kwenye mashine ya zamani. Lakini sahihi zake za P-521 zilikuwa kazi mbaya, inafaa tuseme wazi.

Kila sahihi ya ECDSA inaomba namba ya siri ya mara moja. Mtu akiijua, anapiga hesabu fupi tu, ufunguo wako wa siri unatoka. Sony ilirudilia namba ileile kwa PS3, na Desemba 2010, kule Berlin, wajuzi wakaonyesha hadharani namna siri yake inapatikana. PuTTY haikurudilia. Yenyewe iliona Windows ya zamani haina namba za kubahatisha za kuaminika, njo maana ikatengeneza zake kwa SHA-512. Wazo zuri! Ila SHA-512 inatoa biti 512, na P-521 inataka 521. Ni kama kuchimba mashimo 521 na kuja shambani na mbegu 512: yale 9 ya mwanzo yanabakia tupu kila msimu, na mwizi anajua ni yapi. Sahihi kama 60 zinamtosha.

Kinachonikasirisha si zile biti 9. RFC 6979 ilikuwa imeshaonyesha njia tangu 2013. P-521 iliingia PuTTY 2017. Dawa ikakuja Aprili 2024, toleo 0.81. Miaka saba! Na kubadilisha toleo peke yake hakutoshi: ufunguo wa P-521 uliotumika mule, uuondoe kwenye kila seva, utengeneze mwingine.