Waliorekodiwa

Mwaka 1858 Florence Nightingale alichapisha mchoro wa vifo vya wanajeshi wa Uingereza katika vita vya Crimea. Wengi huusifu kwa umbo lake, vipande kumi na viwili kwa mwaka vilivyopangwa kama petali za ua. Mimi naona nguvu yake imo kwenye maelezo mafupi yaliyo chini, upande wa kushoto. Hapo tunaambiwa kwamba buluu ni vifo vya magonjwa yanayoweza kuzuilika au kupunguzwa makali, nyekundu ni majeraha, nyeusi ni sababu nyingine.

Januari 1855 buluu ilibeba vifo 2,761, nyekundu, 83. Angeandika "magonjwa" tu, msomaji angesikitika na kufunua ukurasa. Neno "kuzuilika" linamlazimisha aulize: basi ni nani hakuzuia?

Nimeurudia mchoro huo kwa sababu ya chati ya tasnifu yangu. Ina nguzo sita, moja kwa kila mwaka, na juu yake niliandika: "Wasichana walioacha shule kwa sababu ya mimba." Rangi na ukubwa wa herufi vilinichukua jioni nzima. Kichwa nilikinakili tu kutoka kwenye taarifa nilizopewa.

Mdogo wangu akaiona. Yeye aliondolewa shule akiwa kidato cha pili, kabla ya Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba waliojifungua wanaweza kurudi darasani.

"Kaka, mimi sikuacha," alisema. "Niliachishwa."

Tunafundishwa kwamba maandishi ya chati yasiegemee upande wowote. Lakini "walioacha" lina upande wake: linamtwisha msichana uamuzi ambao huenda hakuufanya. Hata hivyo, kuandika "walioachishwa" kwa wote kungekuwa kudai zaidi ya ninachokijua, maana taarifa zangu hazimtenganishi aliyefukuzwa na aliyeondoka mwenyewe kwa aibu.

Nikaandika: "Wasichana waliorekodiwa kuwa wameacha shule kwa sababu ya mimba." Nguzo hazikusogea hata kidogo. Ila sasa msomaji anajua kwamba kuna mtu aliyeshika kalamu.

Msimamizi wangu amelizungushia "waliorekodiwa" wino mwekundu. Anasema linarefusha kichwa bure. Ni kweli, linakirefusha. Nimeliacha.