Leseni, Ushuru na Maks: Majibu Mawili Yaliyopungukiwa

Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake.

Ama baada ya hayo. Muuza uji wa Kolandoto, ndani ya Manispaa ya Shinyanga, akimuuliza imamu kama ni dhambi kumkimbia mkusanya ushuru, hupata moja ya majibu mawili. Ama huambiwa kila ushuru ni maks, kwa hiyo akimbie. Ama huambiwa atii wenye mamlaka, alipe na anyamaze.

Wenye jibu la kwanza hutegemea Hadithi ya Uqba bin Aamir iliyopokewa na Abu Daud na Ahmad, ambayo isnadi yake imezungumzwa kwa sababu ya Muhammad bin Is-haq. Yenye nguvu zaidi imo katika Sahih Muslim, kisa cha mwanamke wa Ghamid, ambamo ukubwa wa toba yake ulipimwa kwa toba ya mtoza maks. Uharamu wake haupingiki. Kosa ni kuiita maks kila tozo ya serikali. Imam al-Mawardi (Allah amrehemu), katika al-Ahkam as-Sultaniyya, amempa muhtasib jukumu la kuwaangalia wenye kazi: tabibu na mwalimu kwa ujuzi wao, sonara na mfumaji kwa uaminifu wao. Leseni ya mwenye duka la dawa inaingia mlango huo.

Lakini leseni isiyokagua chochote ila kutoa risiti ni kodi tu, na ihukumiwe kwa masharti ya kodi. Al-Juwayni, al-Ghazali na ash-Shatibi waliiruhusu pale penye haja ya kweli na hazina tupu, mzigo ukibebwa na wenye uwezo. Kuelekea vita vya Ain Jalut (658 H/1260), al-Izz bin Abdis-Salam alitaka maamiri wauze kwanza mikanda yao ya dhahabu ndipo raia waguswe.

Sisi huku tunaishi juu ya dhahabu, basi tuangalie hesabu. Desemba 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo, Sh. 20,000 kila kimoja, kwa wenye mauzo chini ya Sh. milioni 4 kwa mwaka. Kheri yake siikatai, kwani viliwaepusha wengi na ushuru wa kila siku na kubughudhiwa na mgambo. Ila kiwango kilikuwa kimoja. Aliyekaribia milioni 4 alitoa kama nusu ya asilimia moja ya mauzo; mwenye laki 5 alitoa asilimia 4. Makampuni wakati huo yalitozwa ushuru wa huduma usiozidi asilimia 0.3, kwa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya 1982. Na mgodi mkubwa wa Geita, kwa mkataba wake na Serikali, kwa miaka mingi uliilipa halmashauri Dola 200,000 kwa mwaka badala ya asilimia hiyo, hadi utaratibu ulipobadilika miaka ya 2010. Itasemwa ulilipa pia mrabaha. Ndiyo, lakini mrabaha ulikwenda Serikali Kuu. Sharia imemsamehe zaka asiyefikia nisabu, gramu 85 za dhahabu. Wenye jibu la pili hawaligusi hilo.

Hata hivyo simwambii mama huyu akimbie. Ibn Taymiyya amekataza, hata katika tozo ya dhuluma iliyowekwa kwa watu kwa pamoja, mmoja kukwepa fungu lake likawaangukia wenzake. Ndivyo inavyokuwa pale wakala wa soko anapokuwa ameahidi halmashauri kiasi maalumu. Asidanganye, asihonge, akiwa hana kabisa, mwenye kuulizwa ni aliyeweka kiwango.

Kodi ya maendeleo, ile ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003, na mwaka 2004 biashara ndogo zikaondolewa ada ya leseni, ingawa ada zilirudi baadaye. Kwa hiyo viwango hivi hubadilika. Ushuru wa soko huwekwa kwa sheria ndogo, na halmashauri hutakiwa kuwatangazia wananchi watoe pingamizi kabla ya kuipitisha. Imamu aliyeulizwa na muuza uji aende kwa diwani wake siku hizo, akiwa na hesabu hii mkononi.

Wallahu a'lam.