Sebene ya upande wa pili

Hapa Goma, mtu akikwambia sahani ya santuri inalia vizuri kuliko kasete, muulize: sahani gani, na sehemu gani ya wimbo? Kwa rumba yetu, maswali hayo mawili yanabadilisha jibu.

Sahani ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika hubeba dakika 4 au 5 kila uso. Ndiyo maana nyimbo nyingi za Franco na bendi yake, TPOK Jazz, za miaka ya 1970 zilikatwa vipande viwili, lebo zikaandikwa 1 na 2: kwanza waimbaji, kisha ugeuze upate sebene, sehemu ya magita ya kuchezea. Nafasi ndiyo iliyolazimisha mkato huo, lakini magita yalifaidika. Ukingoni mwa sahani hiyo mfuo hupita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita 40 hivi kwa sekunde. Mawimbi madogo ya mi-solo, gita lililo kati ya solo na ridhimu, yanapata urefu wa kutosha kuchorwa, na gita linatoka safi, lenye makali.

Santuri kubwa ya mizunguko 33 ilifuta mkato. Ilibidi: Mario ya Franco, ya mwaka 1985, inapita dakika 10. Ukingoni mfuo wake unakimbia sentimita 50, lakini karibu na lebo kasi inashuka hadi 21. Wimbo ukijaza upande mzima, sebene inaangukia huko ndani, mawimbi yamebanana, na sindano iliyochakaa inakwaruza pale pale watu waliposimama kucheza. Kwangu hiyo ni hasara kubwa.

Kasete haina ukingo wala katikati. Mkanda unakwenda sentimita 4.76 kwa sekunde mwanzo hadi mwisho. Ni mwendo wa pole mno, kwa hiyo una mchakacho wake, na nakala ya nakala humaliza matoazi kwanza, kisha mi-solo. Besi ndiyo inayodumu. Betri zikichoka, mwimbaji anazama. Lakini vumbi letu jeusi la volkeno linaichuna sahani, wakati kasete imefungiwa ndani ya ganda lake na inavuka ziwa hadi Bukavu mfukoni. Malako ya Samba Mapangala na Orchestra Virunga, bendi ya Nairobi iliyochukua jina la milima yetu, bado naipenda kwenye kasete, kwa sababu ya besi yake.

Ukikuta 45 sokoni, igeuze kwanza. Ukingo wa upande wa pili ukiwa wa kijivu badala ya mweusi, sebene imeshaliwa.