Twiga wa Ukutani

Katika miji yetu inayopanuka, chekechea huitambua kabla hujasoma bango. Ukuta wa tofali za saruji umechorwa twiga, vipepeo na mti wenye matunda mekundu. Mbele yake kiwanja kimesafishwa hadi kisiki cha mwisho, na juu ni bati. Hii ndiyo tunayouziwa kama shule iliyo karibu na mazingira. Kwangu ni picha tu ya mazingira, na mtoto hapumziki chini ya kivuli cha picha.

Tuchukue Ipuli, kata ya Manispaa ya Tabora. Septemba na Oktoba jua ni kali. Kuanzia Novemba mvua huingia. Chini ya bati lisilo na dari, mtoto wa miaka minne hupata adha mbili kwa zamu: kwanza joto linalomsinzisha, kisha kishindo cha mvua kinachoimeza sauti ya mwalimu. Na hatuzungumzii watoto wachache. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilitaka kila mtoto apate angalau mwaka mmoja wa elimu ya awali.

Sisi wanafunzi wa usanifu hupenda kukimbilia Japani. Fuji Kindergarten, iliyojengwa Tachikawa, Tokyo, mwaka 2007, ina paa la umbo la yai ambalo watoto hukimbia juu yake, na miti mikubwa iliyokuwapo imeachwa ipenye paa. Tunaiga yai, tunasahau miti. Ubora wa jengo lile hauko kwenye umbo tu. Upo pia kwenye uamuzi kwamba jengo ndilo limpishe mti.

Jibu la joto liko karibu zaidi na hali yetu. Huko Gando, Burkina Faso, mwaka 2001 Francis Kéré alijenga shule ya matofali ya udongo, akaiwekea dari yenye matundu, kisha akaliinua bati juu kabisa ya dari hiyo. Hewa ya moto hutoka, upepo hupita katikati. Haina mchoro wa twiga hata mmoja, lakini jengo lenyewe linajua lilipo.

Tabora nayo ilishajua. Tembe la Kwihara, alimokaa Livingstone mwaka 1872, lina kuta nene za udongo zinazochelewesha joto. Sisemi tulinakili: tembe lilikuwa na giza, na watoto wanahitaji mwanga. Tuchukue unene wa ukuta, baraza pana na ua wa ndani, ambao mwalimu mmoja anaweza kuutazama wote kwa jicho moja.

Halafu kuna miembe, ambayo Tabora imeirithi tangu enzi za misafara ya kwenda Ujiji. Fundi huukata mwembe asubuhi moja ili msingi unyooke. Siku ya uzinduzi mgeni rasmi hupanda mche, tunapiga makofi. Lakini mtoto hukaa chekechea mwaka mmoja au miwili. Mche ule hautamfunika yeye. Kwa hiyo ramani ya chekechea ya Ipuli ikiletwa mbele yetu, swali la kwanza lisiwe rangi za ukuta. Tuulize miti iliyopo kiwanjani imechorwa wapi. Kama haionekani kwenye ramani, irudishwe kwa mchoraji kabla shoka halijafika.