"Dawa ya Usingizi": Istilahi Moja, Maana Tatu

Miongoni mwa istilahi za tiba zinazostahili kuhakikiwa upya ni "dawa ya usingizi". Hospitalini hutumika kwa nusukaputi ya chumba cha upasuaji. Dukani hutumika kwa vidonge vya diazepamu. Naye mkulima wa Runazi, katika nchi ya Biharamulo na Ngara iliyokwisha kujua mbung'o na malale, aweza kudhani kuwa ni dawa ya kuondoa usingizi, maana "dawa ya malaria" huondoa malaria. Kosa si lake. Neno "ya" halisemi kama dawa huleta au huondoa.

"Dawa ya kutuliza" haina nafuu. Yatuliza nini? Bibi anayeumwa magoti atadhani ni maumivu. Kumbe diazepamu hukawia mno katika mwili wa mtu wa umri mkubwa. Humpepesusha, humchanganya akili, na akianguka aweza kuvunjika nyonga.

Neno "wazee" nalo lina utata. Kwetu uzee ni heshima kabla ya kuwa umri. Hata kiongozi wa miaka 40 huitwa mzee. Agizo la kuwapunguzia wazee dawa halina mpaka mpaka umri utajwe: "wenye miaka 65 na zaidi".

Wajawazito huambiwa "watahadhari" tu. Thalidomaidi iliuzwa Ujerumani Magharibi tangu 1957 ikisifiwa kuwa dawa salama ya kuleta usingizi. Ilipoondolewa mwaka 1961, maelfu ya watoto walikuwa wamekwisha dhurika tumboni. Basi hatari itajwe kwa jina. Diazepamu ikitumiwa karibu na kujifungua, mtoto aweza kuzaliwa mlegevu, akapumua na kunyonya kwa shida. Tena hupita katika maziwa ya mama. Lakini "usitumie" peke yake nayo yaweza kudhuru: mama mwenye kifafa akiacha fenobabitali ghafula, kifafa chaweza kumrudia kwa nguvu. Yafaa iandikwe: "Usianze wala usiache bila kumwona tabibu."

Kwa hiyo twapendekeza "dawa ya kuleta usingizi", "dawa ya kupunguza wasiwasi" na "dawa ya kutuliza maumivu", kila moja mahali pake, na "nusukaputi" ibaki ya upasuaji. Wako watakaosema kuwa maneno haya ni marefu mno kwa bahasha ya vidonge. Twawajibu kwamba bahasha ndiyo yote anayokwenda nayo mgonjwa nyumbani.