Philip Glass na Shauri la Dallas: Uchambuzi wa Muziki wa Marudio

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 28 Novemba 1976, askari polisi Robert Wood alipigwa risasi akafa kando ya barabara ya Inwood, mjini Dallas, alipokuwa akilikaribia gari alilolisimamisha kwa sababu lilikwenda bila ya kuwashwa taa. Na Jumapili hiyo hiyo, katika jumba la Metropolitan la New York, opera iitwayo Einstein on the Beach ilionyeshwa kwa mara ya pili, ilhali mtunzi wake, Philip Glass, mtu wa umri wa miaka 39, bado alikuwa akitafuta riziki yake kwa kuendesha teksi. Mambo haya mawili, ambayo siku ile hayakuwa na uhusiano wowote, yalikutana baada ya miaka 12 katika filamu ya The Thin Blue Line, iliyoongozwa na Errol Morris. Kukutana huko ndiko ninakokusudia kukuchambua, maana sijaona filamu nyingine ya matukio ya kweli ambamo fani ya mtunzi na haja ya shauri la mahakamani zimeafikiana kwa ukamilifu kama humo.

Yafaa kwanza ijulikane fani hiyo ilipatikanaje. Glass, mwana wa mwenye duka la sahani za santuri mjini Baltimore, alijifunza filimbi katika chuo cha Peabody tangu utotoni, akaingia Chuo Kikuu cha Chicago akiwa na miaka 15, akahitimu utunzi Juilliard, kisha akenda Paris kukaa chini ya Nadia Boulanger, mwalimu mkali aliyemrudisha kwenye misingi ya Bach na Mozart kana kwamba hakuwahi kusoma lolote. Huko huko Paris aliajiriwa kuuandika kwa noti za Kizungu muziki ambao Ravi Shankar aliutunga kwa ajili ya filamu ya Chappaqua; na kila alipoandika, Alla Rakha, mpigaji wa tabla, alimwambia kuwa mikazo haikukaa mahali pake. Alipoifuta mistari inayozigawa noti katika vipimo, akaona kwamba mdundo wa Kihindi ni mkondo wa mafungu madogo, mawili mawili na matatu matatu, yanayojumlishwa hata kutimiza mzunguko mrefu. Msomaji wa Mombasa au Unguja, ambaye masikio yake yamelelewa na tabla za taarabu na tuni za filamu za Kihindi alizoziimba Juma Bhalo kwa maneno ya Kiswahili, hatastaajabu sana kwa habari hii. Lakini kwa kijana aliyefunzwa Juilliard ulikuwa ufunuo, nao ulimjia katika kazi ya sinema, miaka mingi kabla ya yeye mwenyewe kuhesabiwa miongoni mwa watunzi wa sinema.

Kutokana na ufunuo huo alijijengea kanuni iliyo nyepesi kuieleza na ngumu kuitumia kwa ustadi. Noti tano hupigwa, zikarudiwa mpaka sikio likazizoea; halafu huongezwa noti moja, zikawa sita, au hupunguzwa moja, zikawa nne; na msikilizaji, ambaye alikwisha kudhani kuwa hakuna jipya, hushtuka kwa badiliko ambalo katika muziki wa namna nyingine lisingeonekana kabisa. Marudio hapa hayalazi akili. Huinoa, maana hakuna kinachoachwa kulisumbua sikio isipokuwa tofauti.

Sasa tulitazame shauri lenyewe. Randall Dale Adams, kibarua kutoka Ohio, aliishiwa na petroli siku ya Jumamosi akapewa lifti na David Harris, kijana wa miaka 16 kutoka Vidor, mji mdogo ulio mashariki ya Houston, aliyekuwa na gari la wizi. Mwaka 1977 Adams akahukumiwa kufa kwa kumwua Wood, na shahidi mkubwa dhidi yake alikuwa Harris huyo huyo. Siku ya kunyongwa kwake ilikwisha kupangwa, tarehe 8 Mei 1979, ikasimamishwa zikiwa zimebaki siku chache tu. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Marekani ikaitengua hukumu ya kifo, naye akageuziwa kifungo cha maisha. Morris, aliyepata kufanya kazi ya upelelezi wa kibinafsi, alifika Texas mwaka 1985 kwa nia ya kutengeneza filamu juu ya daktari wa akili wa Dallas ambaye ushahidi wake ulipeleka wengi kwenye kifo, akakutana na Adams gerezani, na nia yake ikabadilika.

Alichokifanya ni kuliigiza tukio la barabarani si mara moja bali mara kadhaa, kila mara kwa kufuata kauli ya shahidi mwingine: gari lina mtu mmoja, gari lina watu wawili, askari wa pili, mwanamke, yumo garini, au amekwisha kutoka, kikombe cha milkisheki chake kinaruka taratibu hewani, gari ni Vega, kama polisi walivyoamini kwa muda mrefu, ama ni Comet, kama lilivyokuwa kweli. Kila mwigo unafanana na uliotangulia ila kwa jambo moja au mawili, na hukumu ya mtazamaji inategemea kabisa kuyatambua hayo. Hii ni kanuni ya Glass yenyewe, imehamishwa kutoka sikioni kuja machoni. Kama Morris angemwajiri mtunzi wa desturi, ambaye angeupa kila mwigo tuni mpya na vishindo vipya, mtazamaji angechukuliwa na hisia za vishindo akaacha kulinganisha. Bali muziki unaorudi na mafungu yale yale, ukigeuka kidogo kidogo chini ya picha zinazogeuka kidogo kidogo, unamlazimisha mtu kuketi kama kadhi na kuuliza ni nini kilichoongezwa na ni nini kilichoondolewa.

La pili ni mapatano ya sauti. Glass hupenda mfululizo wa sauti unaokaribia kutulia kisha ukarejea ulikoanzia, na katika filamu hii, yenye rangi za huzuni tangu taa za Dallas zinapoonekana usiku, tabia hiyo inafaa mno, kwa kuwa shauri lilikuwa halijatulia. Aidha, muziki haufuati maneno. Msemaji akiharakisha hauharakishi, akidanganya haumkunjii uso. Unakwenda kwa mwendo wake chini ya Adams, chini ya Harris na chini ya polisi kwa lugha ile ile, wala haumdokezei mtazamaji nani mwovu. Huu, kwa maoni yangu, ndio uadilifu mkubwa wa kazi hii, na ndipo wanapokosea watengenezaji wengi wa filamu za aina hii, ambao hutoa hukumu kwa fidla kabla ya ushahidi kusikilizwa.

Houston nayo ina sehemu yake. Mwezi wa Oktoba 1984 opera kuu ya mji huo, chini ya David Gockley, iliionyesha Akhnaten ya Glass kwa mara ya kwanza katika Marekani; kazi juu ya Farao, yenye okestra isiyokuwa na fidla hata moja, kwa sababu ilitungiwa Stuttgart wakati jumba kubwa la huko likitengenezwa na nafasi ya wapigaji katika jumba dogo ilikuwa finyu. Dhiki hiyo ilizaa sauti nzito ya kiza, na mtunzi aliyekwisha kuishi na kiza cha namna hiyo hakuwa mgeni wa usiku wa Dallas. Tarehe 8 Julai 1988 Houston ikamzindulia opera nyingine, aliyoitunga kwa maneno ya Doris Lessing, mwandishi aliyekulia Rhodesia ya Kusini. Na mwezi uliofuata filamu ya Dallas ikatoka. Katika msimu mmoja wa kiangazi, basi, mtunzi mmoja alikuwa na kazi mbili zilizofungamana na miji miwili ya jimbo moja, na mwenye kuzisikiliza kwa makini hataona kuwa kwa opera alivaa joho na kwa sinema akalivua.

Filamu haikuteuliwa hata kushindania Oscar, na sababu itajwayo zaidi ni ile miigo, yaani kile kile kilichoufichua ukweli. Lakini mwezi wa Machi 1989 mahakama ya rufani ya jinai ya Texas iliitengua hatia ya Adams, akatoka gerezani baada ya miaka 12. Morris na Glass waliendelea kufanya kazi pamoja, na The Fog of War, filamu yao ya mwaka 2003 juu ya Robert McNamara, aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Marekani, ndiyo iliyopata Oscar ambayo ile ya Dallas ilinyimwa.